Theluji na chakula cha Quebec: kwa nini ninawashauri wageni waje nusu ya pili ya Machi

Swali ninaloulizwa mara nyingi na Waswahili wenzangu wanaotaka kuja Quebec kuteleza kwa skii ni la tarehe: tuje mwezi gani? Wengi wao wanaishi Ulaya au katika miji mingine ya Kanada na Marekani, wachache hutoka Nairobi, Dar es Salaam na Lubumbashi, na karibu wote wanaamini kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo theluji inavyokuwa bora. Kazi yangu ni kufundisha skii katika jimbo hili, na jibu langu ni lile lile kila mwaka: njooni nusu ya pili ya Machi. Sababu ni mbili, moja ya mlimani na nyingine ya mezani, lakini zote zina chanzo kimoja, nacho ni joto la hewa linaloshuka chini ya sifuri usiku na kupanda juu ya sifuri mchana.

Msomaji aliyezoea kuiona theluji juu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya au Ruwenzori hudhani kwamba theluji ni jambo la kimo. Huku si hivyo. Kilele cha Mont-Tremblant, kilomita zipatazo 130 kaskazini-magharibi mwa Montreal, kina mita 875 juu ya usawa wa bahari, na kile cha Le Massif, katika eneo la Charlevoix, kina mita 806. Mkazi wa Nairobi hulala mahali palipo juu maradufu ya hapo. Hakuna mgeni atakayeumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko, na asiyekuwa na mazoezi ya milimani hana haja ya kuogopa kupumua kwa shida. Baridi yetu huletwa na hewa kavu itokayo Aktiki, na kinachohesabiwa na mtelezaji ni tofauti ya kimo kati ya kilele na mwisho wa mteremko. Kwa kipimo hicho Le Massif ina mita 770, kiasi kisichofikiwa na mlima mwingine wowote wa skii wa Kanada ulio mashariki mwa Rockies, ile safu ya milima mirefu ya magharibi, kwa kuwa miteremko yake inaishia karibu kabisa na maji ya mto Saint-Laurent.

Januari ni mwezi wa baridi kavu, na usiku mara nyingi hushuka hadi nyuzijoto 20 chini ya sifuri au zaidi. Upepo ukiongezeka, kipimo rasmi cha Kanada cha baridi ya upepo hufika kwa urahisi kati ya −28 na −39, na katika kiwango hicho ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Safari moja ya lifti ya viti hadi kileleni hula sehemu kubwa ya muda huo, ukiwa umekaa bila kujisogeza. Zaidi ya hayo, theluji ya baridi kali haitelezi vizuri kama wengi wanavyodhani. Skii huteleza juu ya utando mwembamba sana wa maji unaotokana na msuguano. Hewa ikiwa baridi mno utando huo haupatikani vya kutosha, chembe za theluji hubaki ngumu na zenye ncha, na mtu husikia skii zake zinakwamakwama hata baada ya kupakwa nta inayofaa. Mwanafunzi wa siku ya kwanza aliyefundishwa katika hali hiyo hukumbuka vidole vyake vilivyouma kuliko somo lenyewe, na hilo hunisikitisha, kwa sababu mchezo huu unastahili kuanzwa vizuri.

Kuna jambo la pili ambalo matangazo ya utalii hayalisemi waziwazi: theluji ya Quebec huwa ngumu. Dhoruba zinazopanda kutoka kusini na upande wa Atlantiki huleta hewa ya uvuguvugu katikati ya majira ya baridi, mvua inanyesha juu ya theluji kwa saa kadhaa, kisha hewa ya kaskazini inarudi ghafla na maji yote yaliyoingia ndani ya theluji yanaganda. Mvua yenyewe wakati mwingine huwa ni ile inayoganda papo hapo inapogusa kitu chochote. Dhoruba ya namna hiyo iliyopiga kuanzia tarehe 5 hadi 10 Januari 1998 iliacha sehemu za kusini mwa Montreal na mvua ya kuganda inayokaribia milimita 100, ikaangusha minara ya umeme na kuvunja matawi ya mashamba makubwa ya miti ya mepo (maple), ile ile inayotoa shira ambayo nitaieleza hapa chini. Dhoruba kubwa kiasi hicho ni adimu, lakini mvua ndogo za aina yake ni jambo la kila majira ya baridi.

Theluji ya mashine nayo ina mchango wake. Milima yetu mingi haitegemei mawingu peke yake. Hurusha maji na hewa iliyoshindiliwa kupitia mizinga, matone yanaganda kabla ya kufika chini, na kinachotua ni punje ndogo za mviringo zinazoshikamana kwa nguvu na kuwa nzito kuliko theluji ya mawinguni. Kazi hiyo inahitaji baridi ya nyuzi chache chini ya sifuri, na hewa kavu huisaidia, kwa sababu tone linapopoteza sehemu ya maji yake kwa mvuke hupoa haraka zaidi. Theluji hii ndiyo inayookoa msimu. Hudumu, hustahimili mvua, na mashine za kusawazisha huilaza vizuri usiku; lakini ikishakwanguliwa na watelezaji elfu kadhaa hadi saa nane mchana, sehemu zenye mwinamo mkali hubaki na uso mgumu unaong'aa, na hapo makali ya skii, yaani kingo zake za chuma, yasiponolewa hayana msaada wowote. Anayekodisha vifaa aulize makali yamenolewa lini, na asione haya kurudisha jozi butu.

Kwa sababu hiyo ninawaomba wageni wasiziamini alama za njia bila kufikiri. Kanada hutumia duara la kijani kwa njia rahisi, mraba wa buluu kwa ya kati, almasi nyeusi kwa ngumu na almasi mbili kwa ngumu zaidi. Alama hizo hulinganisha njia za mlima huo huo, wala hazielezi hali ya theluji ya siku hiyo. Njia ya buluu iliyoganda saa mbili na nusu asubuhi inaweza kumshinda mtu ambaye mchana uliopita aliteremka almasi nyeusi bila taabu.

Sasa tufike Machi. Jua limepanda, mchana umerefuka, na hewa huvuka sifuri karibu kila siku. Maji yanayoyeyuka mchana hupenya katikati ya chembe, usiku yanaganda tena, na baada ya siku kadhaa za mzunguko huo vile vinyota vya theluji vyenye mikono mingi vinageuka chenga za mviringo, kila moja ikiwa na upana wa milimita chache. Asubuhi na mapema chenga hizo zimegandamana, na mteremko ni mgumu kama sakafu. Jua likishazipiga, sentimita mbili tatu za juu hulegea huku chini kukiwa bado imara, na kwa muda wa saa kadhaa mtelezaji anapata uso unaokubali makali bila kumkamata mguu. Kwa mtu anayejifunza kugeuka sijui hali iliyo bora kuliko hiyo. Hata kuanguka kwake hakuumizi sana.

Siri ni kufuata jua. Mlima wa Tremblant una upande wa kusini, ulipo mji mdogo wa hoteli, na upande wa kaskazini, na katika siku ya Machi yenye anga safi ninaanzia kusini mnamo saa nne, kisha ninavuka kwenda kaskazini pale kusini inapokuwa rojorojo na kuanza kuvuta magoti. Anayeng'ang'ania njia moja kutwa nzima atapata barafu asubuhi na matope meupe alasiri, kisha atailaumu Quebec. Epukeni pia wiki ya mapumziko ya shule za hapa, ambayo kwa kawaida huangukia mwanzoni mwa Machi, kwani foleni za lifti huwa ndefu na vyumba huwa ghali.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoufungua mti wa mepo. Usiku ukiwa chini ya sifuri, gesi iliyomo katika mbao hujikunja, maji huganda ndani ya shina, na mti huvuta maji mengine kutoka mizizini. Mchana unapopata joto, shinikizo hupanda na utomvu hutoka kwa nguvu kupitia tundu lolote lililotobolewa. Bila baridi ya usiku hakuna mvuto, na bila joto la mchana hakuna mtiririko. Watu wa asili wa eneo hili waliujua utomvu huo muda mrefu kabla Wafaransa hawajafika. Una takriban asilimia 2 tu ya sukari, hivyo huchemshwa hadi lita 40 hivi zinabaki lita 1 ya shira. Quebec peke yake hutoa kiasi kinachokaribia asilimia 70 ya shira yote ya mepo duniani. Miteremko ya Rockies, inayosifiwa kwa theluji yake nyepesi, haina kitu hiki, kwa sababu mepo ya sukari ni mti wa mashariki. Atakaye vyote viwili kwa safari moja hana budi kuja upande wetu.

Shira huliwa ilikopikwa, katika kibanda cha sukari, ambacho wenyeji hukiita cabane à sucre. Meza ni ndefu, sahani hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na chakula huanza na supu ya njegere za manjano zilizokaushwa, kikifuatiwa na maharage yaliyookwa polepole, mayai, nyama ya paja la nguruwe iliyomwagiwa shira, vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa hadi vikavu, na chapati nene za unga laini. Ni chakula cha wakata miti na wakulima waliofanya kazi kutwa nzima katika baridi, na uzito wake unaeleweka hivyo. Mwishoni wageni hutoka nje, mpishi humimina juu ya theluji safi shira iliyochemshwa hadi kufikia nyuzijoto 113 hivi, nayo hushikana papo hapo ikawa kama ubani wa kutafuna, ukaizungusha kwenye kijiti. Ladha ya shira ya mwanzo wa msimu ni nyepesi na rangi yake ni ya dhahabu. Ya mwisho wa msimu ni nyeusi na kali. Mimi ninaipenda ya mwisho.

Kama mlivyoona, nguruwe yumo karibu kila mahali, hata mahali usipomtarajia, kwa maana supu ya njegere na maharage hupikwa na mafuta au nyama yake ya chumvi. Ndugu zangu Waislamu wasiishie kuuliza kama kuna nyama. Waulize maharage yamepikwa na mafuta gani, tena waulize kwa simu siku kadhaa kabla. Vipo vibanda vinavyoandaa meza isiyo na nguruwe kwa wanaoagiza mapema, na Montreal ina maduka na migahawa ya halali ya kutosha kwa anayetaka kujipikia. Hata poutine, yaani chipsi zenye mabonge ya jibini mbichi na mchuzi mzito wa moto, iliyoanza katika vijiji vya katikati ya Quebec miaka ya 1950, inahitaji swali kuhusu mchuzi. Mabonge ya jibini yawe ya siku hiyo hiyo. Yakilala kwenye friji hupoteza ule ugumu wa kupendeza chini ya meno. Poutine ni chakula cha jioni. Mwanafunzi wangu akiila saa sita mchana, saa saba miguu yake haimsikii, na kwa hiyo mchana ninawahimiza wote wanywe supu na maji mengi, kwani hewa kavu humkausha mtu bila yeye kuona jasho.

Charlevoix inastahili siku zake mbili. Kondoo wa eneo hilo walipata mwaka 2009 ulinzi wa kisheria wa jina la mahali wanapofugwa, wa kwanza kutolewa Quebec, na huko Baie-Saint-Paul hutengenezwa jibini la Migneron pamoja na lile liitwalo 1608, linalotokana na maziwa ya ng'ombe wa uzao wa Canadienne. Tafuteni pia tourtière, pai ya nyama yenye mdalasini na karafuu. Msomaji wa Pemba ataitambua harufu hiyo kabla sahani haijatua mezani.

Ikitokea mvua imenyesha usiku na asubuhi kipimajoto kimeshuka hadi nyuzi 12 chini ya sifuri, msipande mlimani, hata kama tiketi imelipiwa. Uso wa namna hiyo haulegei siku hiyo. Nendeni kwenye jibini na pai, mrudi kuteleza siku jua litakapoivusha hewa sifuri tena, na kabla ya yote wekeni nafasi ya kibanda cha sukari tangu Februari, kwa sababu meza za Jumamosi na Jumapili za Machi hujaa mapema kuliko hoteli.