Kocha Amekuja Kuposa: Maana ya "Kurikrutiwa" katika Vyuo Vidogo vya Futiboli Marekani

Vijana wetu wa Marekani hulitamka neno hili kila siku: "Narikrutiwa," yaani makocha wa vyuo wananitafuta nikachezee timu zao. Mzazi aliyekulia Mwanza, Mombasa au Bukavu akilisikia, haraka anaweka mahali pake neno alilozoea kulisoma kwenye kurasa za michezo: usajili. Na usajili kwetu hauna utata. Klabu imekubali, mkataba umesainiwa, pesa imetoka. Simba ikitangaza imemsajili fulani, mjadala umekwisha.

Kurikruti kuko karibu zaidi na kuposa. Kuna kutazamwa kwa mbali, kuna salamu, kuna kutembeleana, kuna maneno matamu, kisha kuna siku ya majibu. Kabla ya siku hiyo hakuna ndoa. Na katika vyuo vidogo kuna jambo ambalo familia nyingi hulijua zikiwa zimechelewa: anayekuja kuposa ni kocha, lakini mahari hayako mikononi mwake. Yako kwenye ofisi nyingine kabisa.

Naandika haya kwa sababu ya dada yangu. Anaishi Iowa, na mwanawe ni kijana mpole mwenye mwili wa kubeba gunia la mahindi kwenye kila bega. Haiskuli alicheza futiboli ya Kimarekani, mstari wa mbele, wale wanaomkinga mrusha mpira asiangushwe. Mwaka wake wa mwisho ujumbe wa makocha ulimiminika kwenye simu mpaka akaacha kuhesabu. Kisha ikaja bahasha nene kutoka chuo kimoja kidogo cha binafsi: hongera, umetunukiwa dola 108,000. Jumapili ile kanisani alisimamishwa mbele, akapigiwa vigelegele. Dada alinipigia simu huku analia: "Kaka, Mungu amejibu. Mtoto amesajiliwa." Mwezi wa nne ikafuata karatasi nyingine, ya hesabu. Familia ilitakiwa kulipa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka wa kwanza.

Hakuna aliyemdanganya. Kila neno kwenye bahasha ile lilikuwa kweli. Sisi ndio hatukujua kulisoma.

Kwanza, kwa nini kurikruti kupo. Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya Kimarekani, ya helmeti na pedi za mabegani. Marekani haina utaratibu wa klabu kumlea mtoto tangu ana miaka kumi kama ilivyo kwenye kandanda Ulaya. Njia inapita shuleni: haiskuli, kisha chuo. Chuo hakiwezi kumnunua mtoto kutoka haiskuli. Kinaweza tu kumshawishi aombe nafasi ya masomo, akubaliwe, aje. Kazi yote hiyo ya kusaka, kutazama, kuandika, kupiga simu na kualika ndiyo inayoitwa kurikruti.

Wavulana wapatao milioni moja hucheza futiboli ya haiskuli kila mwaka. Wanaoendelea kucheza chuoni, kwa ngazi zote, ni kama 7 katika kila 100. Vile vyuo vya kwenye televisheni, Alabama, Ohio State, Michigan na wenzao, huchukua wachache sana kati ya hao. Chini yao kuna vyuo zaidi ya 500 ambavyo Jumamosi hucheza mbele ya wazazi, wanafunzi na watu wa mji, na ndivyo vinavyowachukua walio wengi. Mtoto wako akirikrutiwa, uwezekano mkubwa ni kwamba amerikrutiwa na kimojawapo cha hivi.

Ngazi zenyewe ni hizi. Chama kikubwa ni NCAA, chenye divisheni tatu. Ya kwanza, kwa upande wa futiboli, imegawanyika juu na chini: FBS na FCS. Pembeni kuna chama kingine cha vyuo vidogo, NAIA. Kwa miaka mingi chuo cha FBS kiliruhusiwa kuwalipia wachezaji 85 kila kitu, na cha FCS kilikuwa na ufadhili kamili 63. Juni 2025 mahakama ya shirikisho huko California iliidhinisha mapatano yaliyofuta ukomo huo kwa vyuo vya Divisheni ya Kwanza vilivyojiunga nayo, na badala yake vikawekewa kikosi kisichozidi wachezaji 105. Mabadiliko hayo yamepigiwa kelele nyingi, lakini ngazi za chini hayakuzigusa. Divisheni ya Pili imebaki na ufadhili kamili 36. NAIA, 24.

Itazame hiyo 36 vizuri. Timu ina wachezaji 100 au zaidi, na sheria inamruhusu kocha kuukata ufadhili vipande. Mmoja anapata nusu ya ada, mwingine robo, mwingine vitabu tu. Kwa hiyo kijana akikwambia "mama, nina ofa ya Divisheni ya Pili", swali linalofuata ni ofa ya kiasi gani, na imeandikwa wapi.

Divisheni ya Tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na zaidi ya vyuo 200 humo vina timu ya futiboli. Ufadhili wa michezo huko ni sifuri. Si kidogo, ni sifuri. Chuo kimekatazwa kuupa uwezo wa kucheza uzito wowote kinapopanga msaada wa fedha wa mwanafunzi, na NCAA hukagua takwimu za vyuo kuona kama wachezaji wanapendelewa kuliko wenzao.

Sasa kama hakuna pesa ya mpira, kocha anatafuta nini barazani kwako? Anatafuta mwanafunzi. Vyuo vingi vya Divisheni ya Tatu ni vya binafsi na vinaishi kwa ada. Chukua chuo chenye wanafunzi 1,500 na timu ya wavulana 120: timu hiyo peke yake ni asilimia 8 ya chuo kizima. Wavulana wanaokwenda chuo ni wachache kuliko wasichana, na katika majimbo mengi ya kati na ya kaskazini-mashariki idadi ya wahitimu wa haiskuli inashuka. Futiboli ndiyo mchezo unaoleta wavulana wengi kwa mkupuo mmoja. Chuo cha Adrian, Michigan, kinajulikana kwa kujenga upya idadi ya wanafunzi wake kupitia michezo baada ya mwaka 2005, na vyuo vingine vidogo vimeanzisha futiboli kwa hesabu hiyohiyo. Ndiyo maana kocha anaweza kuambiwa alete wanafunzi wapya 40 au 50 kila mwaka. Sioni aibu yoyote katika hilo, maana chuo kikifungwa hakimfai mtu. Lakini mzazi ajue kwamba mwanawe anahitajika darasani na kwenye daftari la mhasibu kama anavyohitajika uwanjani. Akilijua hilo, atazungumza na kocha akiwa ameinua kichwa.

Tuje kwenye zile dola 108,000. Vyuo vya binafsi hutangaza bei kubwa kisha vikampunguzia karibu kila mtu. Kwa wastani, punguzo la ada kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo hivi limepita nusu. Punguzo hilo hupewa jina zuri: skolashipu ya taaluma, ya rais wa chuo, ya mwanzilishi. Barua ya mpwa wangu ilikuwa imezidisha punguzo la mwaka mmoja, dola 27,000, mara nne. Gharama zote za mwaka, ada, bweni na chakula, zilikuwa dola 58,000. Ondoa 27,000, inabaki 31,000. Ruzuku ya serikali ya shirikisho iitwayo Pell, kiwango chake cha juu, ni 7,395. Msaada wa jimbo ulikuwa 4,000. Mkopo wa shirikisho ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kuchukua ni 5,500, na huo ni deni hata ukipangwa kwenye safu moja na zawadi. Kinachobaki ni 14,105. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia. Dada aliiona ikiwa chini kabisa, ukurasa wa pili.

Pell na mikopo hiyo hupatikana kwa kujaza fomu ya FAFSA, na ni kwa raia, wenye kadi ya kijani na makundi machache kama wakimbizi. Kijana anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa viza ya mwanafunzi haimhusu. Yeye atategemea chuo na mfuko wa familia.

Kwa upande wa kocha, kazi huanza mapema. Anapewa eneo, tuseme kusini mwa Iowa na kipande cha Illinois, anaingia barabarani. Anafika haiskuli asubuhi, anakaa na kocha wa pale, anauliza nani anafaa. Swali la pili mara nyingi huhusu alama za darasani. Usiku anatazama video kwenye Hudl, ule mtandao ambao karibu kila haiskuli huweka mechi zake. Sekunde 30 za kwanza za video ndizo zinazoamua kama ataendelea kutazama, kwa hiyo kijana asianze na muziki na jina lake likizunguka. Aanze na kazi yake bora, akiwa amewekewa alama ya duara ili aonekane. Kuna watu wanaotoza wazazi maelfu ya dola kwa kuahidi kumpeleka mtoto kwa makocha. Barua pepe yenye video, transkripti, yaani hati ya alama za darasani, na namba ya simu ya kocha wa haiskuli haigharimu kitu, na makocha wa vyuo vidogo huzisoma, kwa sababu wana nafasi nyingi za kujaza.

Kwenye vyuo vinavyochagua sana, kama Williams na Amherst, kocha hupeleka transkripti ofisi ya udahili hata kabla kijana hajaomba, apate kujua kama mlango utafunguka. Kwenye vyuo vya kawaida alama hufanya kazi nyingine: ndizo zinazopanga ukubwa wa lile punguzo. Hapa ndipo ningependa kila kijana anisikilize. Kupunguza sekunde kwenye mbio za yadi 40 hakumwongezei hata senti moja Divisheni ya Tatu. Kupandisha wastani wa alama kunaweza kumletea maelfu, kila mwaka, kwa miaka minne.

Kocha akija nyumbani, mkaribishe, mpe chai. Kisha muulize kama mzazi anayemuuliza mshenga. Mwaka huu unachukua wangapi wa namba yake? Wale uliowachukua miaka miwili iliyopita, wangapi bado wako kwenye timu? Wangapi husafiri kwenye mechi za ugenini? Barua ya msaada wa fedha itatoka lini, na punguzo hili linahitaji wastani gani wa alama lisiondolewe? Kocha mwema hujibu bila kujikuna. Akikwepa lile la pili, kumbuka kwamba timu inayoingiza 50 kila mwaka na kubaki na 120 inapoteza wengi njiani.

Ile sherehe ya kusaini, ambapo kijana huketi mezani penye kofia ya chuo alichokichagua, nayo ina maana tofauti kwa kila ngazi. Hati ya zamani ya kujifunga na chuo ilifutwa na NCAA Oktoba 2024, na sasa kinachofunga ni mkataba wa ufadhili wenyewe. Divisheni ya Tatu haina mkataba wa namna hiyo. Karatasi anayosaini kijana kule ni ya kumbukumbu na picha tu, haimfungi yeye wala chuo. Kinachoshika nafasi yake ni ile amana inayolipwa ofisi ya udahili, mara nyingi kabla ya 1 Mei.

Jambo moja limewasukuma vijana wengi wazuri kuelekea vyuo vidogo miaka hii. Tangu 2018 kuna orodha ya uhamisho ambayo mchezaji wa chuo anaandika jina lake na vyuo vingine vinamchukua, na tangu 2021 kizuizi cha kukaa mwaka mzima bila kucheza kimelegezwa. Kocha wa chuo kikubwa mwenye nafasi moja siku hizi humpenda mtu wa miaka 21 aliyekwisha komaa kuliko mtoto wa miaka 17. Huyu wa miaka 17 anateremka ngazi moja au mbili.

Kuteremka huko hakumaanishi kupotea. Ali Marpet alicheza Hobart, chuo cha Divisheni ya Tatu jimbo la New York, na mwaka 2015 Tampa Bay Buccaneers, timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, wakamchagua raundi ya pili ya uteuzi wa wachezaji wapya. Baadaye akatwaa nao Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Christian Okoye alitoka Nigeria kurusha kisahani Azusa Pacific, chuo kidogo cha California, akajifunza futiboli pale pale akiwa mtu mzima. Mwaka 1989 aliongoza NFL nzima kwa kukimbia na mpira, yadi 1,480. Hao ni wawili kati ya maelfu, na sitaki mzazi ajenge bajeti juu yao.

Mpwa wangu alikwenda. Dada aliandika barua ofisi ya msaada wa fedha akaeleza kwamba ana watoto wengine watatu na amepunguziwa saa kazini. Wakaongeza dola 3,500. Kilichobaki tulichangiana ndugu. Mwaka wa pili, mwezi wa tisa, goti likachanika mazoezini, na daktari akamwambia mpira basi. Usiku ule kijana alinipigia akinong'ona, wenzake wamelala: "Mjomba, nimwambieje mama? Skolashipu imekwenda." Nikamwambia achukue ile barua yenye dola 27,000 anisomee jina lake. Ilikuwa ya taaluma. Hakukuwa na neno futiboli mahali popote. Bili ya Januari ilipokuja, lile punguzo lilikuwa palepale, halijaguswa.