Tochi ya kuchaji inapofifia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tochi ya kuchaji haifi siku moja. Ikiwa mpya inamulika mpaka ukuta wa jirani. Baadaye inang'aa dakika chache, kisha inabaki na nuru ya kutafutia kitasa cha mlango tu. Mara nyingi tatizo ni betri iliyochakaa. Betri ya namna hiyo ina hila: ikipumzika huonekana nzima, na udhaifu wake haujitokezi mpaka ipewe kazi. Ushauri mwingi wa mtaani unakosea hapohapo.

"Taa ya kijani imewaka, basi imejaa"

Taa ya chaja haipimi umeme uliomo ndani ya betri. Katika tochi nyingi za bei nafuu zenye miguu ya kuchomeka ukutani, kile kitaa chekundu kinasema jambo moja tu: umeme wa ukutani umefika. Kinaweza kuwaka usiku kucha juu ya betri iliyokufa.

Tochi za kebo ya USB zina akili zaidi, lakini nazo hudanganyika. Chipu ya kuchaji, mara nyingi ile iitwayo TP4056, huipandisha betri ya lithiamu hadi volti 4.2, kisha husubiri mkondo unaoingia upungue hadi sehemu moja ya kumi ya kiwango ilichopangiwa. Hapo ndipo hubadilisha rangi ya taa. Betri iliyochakaa ina ukinzani mkubwa ndani yake, yaani huuzuia umeme kupita, kwa hiyo volti hufika juu mapema na mkondo hupungua kabla ya wakati. Nafasi ya kuhifadhi umeme nayo imepungua, kama debe lililoingia mchanga nusu: maji hulijaza upesi, na upesi huohuo yanakwisha. Tochi iliyokuwa ikichukua saa nne, sasa ikianza "kujaa" kwa dakika arobaini, usiisifu chaja. Betri ndiyo imezeeka.

Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nayo hukupotosha ukipima tochi ikiwa imezimwa. Pima kwanza imezimwa, kisha iwashe kwenye mwanga mkali na upime tena palepale kwenye ncha za betri. Betri nzima ya lithiamu katika tochi ya kawaida huteremka kidogo tu, tuseme kutoka volti 4.1 hadi 4.0. Iliyochakaa huporomoka papo hapo hadi 3.4 au chini zaidi, na ukizima inapanda tena kana kwamba hakuna lililotokea. LED nyeupe, yaani kile kitaa kinachotoa mwanga wa tochi, huhitaji takriban volti 3 ili iwake vizuri, ndiyo maana jicho linaliona anguko hilo mara moja. Huna multimita? Weka betri nyingine ya aina ileile unayojua ni nzima. Mwanga ukirudi, umeshapata jibu.

"LED ndiyo imechoka"

Mara chache sana. LED iliyotengenezwa vizuri na isiyosukumwa kupita kiasi hudumu maelfu ya saa, na betri hutangulia kuchoka. Ila kuna jambo moja la kukagua kabla ya kununua betri: kama volti za betri hazishuki tochi ikiwa inawaka, na bado mwanga ni hafifu, umeme unapotelea njiani. Angalia springi yenye kutu, swichi iliyolegea, au waya uliokaribia kung'oka kwenye risasi ya kulehemu. Kifutio cha penseli kinatosha kusafisha ncha zilizofubaa. Pia tochi nzuri zenye mwanga mkali hujipunguza zenyewe baada ya dakika chache ili zisipate joto kupita kiasi. Hiyo si hitilafu.

"Iache iishe kabisa ndipo uichaji"

Huu ni urithi wa betri za zamani za nikeli na kadimi, ambazo zilidaiwa kukariri pale zilipozoea kuishia. Betri ya lithiamu haina tabia hiyo, na kuimaliza mpaka mwisho kila mara kunaizeesha.

Kwa tochi za kuchomeka ukutani ushauri huu ni mbaya maradufu. Nyingi zina kijibetri cha kijivu cha volti 4, cha risasi na tindikali, ndugu mdogo wa betri ya gari. Ikiwa imejaa na kupumzika, hiyo husoma kama volti 4.2, ikifika 4.0 imekaribia kwisha, ingawa kwa macho tofauti ya namba ni ndogo mno. Ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, fuwele za salfeti hugandamana kwenye sahani zake na nyingine hazirudi tena. Tochi iliyonunuliwa kwa ajili ya siku umeme ukikatika, ikawekwa kabatini bila kuchajiwa, huharibika hivyo bila kutumika. Ichaji kila baada ya mwezi au miwili hata kama hukuiwasha.

"Ianike juani"

Joto huharakisha kemikali za betri kwa muda, kwa hiyo betri kavu za kutupa huonekana zimefufuka kidogo. Hakuna umeme mpya ulioingia. Kwa betri za kuchaji, jua kali ni njia ya mkato ya kuzizeesha, na ya lithiamu inaweza hata kuvimba.

"Nunua ya 9900 mAh, itadumu zaidi"

mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi. Betri ya lithiamu ya 18650, yaani ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, huwa na mAh 3500 hivi ikiwa ya kiwango cha juu. Namba ya 9900 ipo kwenye karatasi ya nje tu. Wauzaji wanajua, na wanunuzi wanaendelea kuifuata. Ipime uzito: nzima hukaribia gramu 45 au zaidi, na nyepesi sana ni ya kutilia shaka.

"Toa ile ya risasi, weka ya lithiamu, ni volti zilezile"

Hili hufanywa na baadhi ya mafundi, nami nalikataa kabisa. Chaja ya tochi ya risasi inaweza kuisukuma betri karibu na volti 4.8, na lithiamu haipaswi kuvuka 4.2. Matokeo yake ni kuvimba, moshi, au moto wakati wewe umelala. Isitoshe, nyingi ya tochi hizo hazina transfoma ya kupunguza umeme wa ukutani na kuutenga, hivyo ndani yake, ikiwa imechomekwa, kuna umeme wa ukutani wenyewe. Anayetaka lithiamu aondoe sehemu yote ya kuchomeka ukutani na kuweka chipu ya USB yenye kinga. Vinginevyo, betri ya volti 4 ya aina ileile hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme.