Je, wajua ni vipi Ni Xialian alishinda mechi ya Olimpiki akiwa na miaka 61?

Tarehe 27 Julai 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Ni Xialian wa Luxembourg alimshinda Sibel Altınkaya wa Uturuki kwa seti nne kwa mbili katika mpira wa meza. Ni (hilo ndilo jina lake la ukoo) alizaliwa Shanghai mwezi Julai 1963, na siku ile alikuwa amempita mpinzani wake kwa miaka takriban 30. Mchezo wenyewe ni wa kasi kiasi kwamba mtazamaji mgeni huupoteza mpira machoni. Iliwezekanaje?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu, na halikuwa sahihi. Niliamini kwamba wachezaji wa namna hii wamejaliwa wepesi wa macho na mikono usio wa kawaida, kipaji ambacho kwa bahati uzee haujakigusa. Hesabu ndogo inatosha kulitia shaka jibu hilo. Meza ina urefu wa mita 2.74. Mpira unaokwenda kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde huuvuka urefu huo kwa muda usiofika sehemu moja ya tano ya sekunde, na muda wa kiasi hicho ndio ambao mwili wa binadamu huhitaji ili uone jambo na kuanza tu kulijibu. Maana yake ni kwamba hata binti wa miaka 17 hawezi kuusubiri mpira uje ndipo aamue la kufanya. Kijana na mzee wote husoma bega, kiwiko na pembe ya raketi ya mpinzani kabla mpira haujapigwa, na kusoma huko hujengwa kwa mazoezi ya miaka mingi. Ni alianza kuujenga ujuzi huo utotoni. Mwaka 1983, mjini Tokyo, alikuwa tayari bingwa wa dunia akiwa na timu ya China, na pia katika mchezo wa wawili wawili mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, pamoja na Guo Yuehua. Baadaye alihamia Ulaya, akaichezea Luxembourg, na akatwaa ubingwa wa Ulaya wa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1998 na 2002.

Nilipoliacha jibu la kwanza nilishika la pili, ambalo husikika sana miongoni mwa wachezaji wenyewe. Ni hushika raketi kama mtu anavyoshika kalamu, kwa mkono wa kushoto, na upande mmoja wa raketi yake una raba, yaani utando unaobandikwa juu ya ubao, yenye vipele virefu, vijinundu vinavyochomoza nje. Husemwa kwamba vipele hivyo “hugeuza mzunguko” wa mpira. Nami nilirudia maneno hayo kwa miaka, nikidhani kwamba raba ile ina uwezo wa kuukamata mpira unaozunguka huku na kuuzungusha kule. Ukweli ni kinyume kabisa, na kwangu hapa ndipo penye ajabu ya jambo zima: vipele virefu havigeuzi kitu. Raba laini ya kawaida, isiyo na vipele upande wa nje, ndiyo inayogeuza.

Ili kulielewa hilo, mfikirie mtoto anayeviringisha tairi kuukuu kuelekea kwako. Tairi linakuja, na mzunguko wake unaelekea kwako vilevile. Sasa chukulia kwamba unaweza kulisukuma lirudi kwa mtoto bila kuusimamisha mzunguko huo. Tairi litarudi likiwa bado linazunguka kama alivyolizungusha yeye, ila safari imebadilika mwelekeo, hivyo mzunguko uliokuwa ukiisaidia safari sasa unaipinga. Likigusa ardhi, litasitasita kama linalotaka kukurudia wewe. Hakuna aliyeugeuza mzunguko. Kilichogeuka ni safari.

Ndivyo inavyokuwa kwa mpira wenye kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7. Mpinzani anaupiga kwa nguvu kuelekea juu na mbele, ukaja ukijiviringisha kule uendako. Ukikutana na raba laini yenye kunata, raba inaushika kama unyayo mkavu unavyoshika saruji, mzunguko wake unasimamishwa, na mchezaji anaupa mzunguko wake mwenyewe. Ukikutana na vipele virefu, vipele vinalala kama majani mabichi yaliyolowa umande chini ya mguu, na mpira unateleza badala ya kushikwa. Sehemu ya mzunguko hupotea, lakini kiasi kikubwa hubaki. Mpira unarudi kwa mpinzani ukiwa na mzunguko alioutia yeye mwenyewe, nao sasa unapinga safari. Asipoinua pembe ya raketi yake, ataupeleka kwenye wavu. Na kadiri alivyoutia nguvu zaidi mara ya kwanza, ndivyo utakavyomwia mgumu unaporudi.

Kuna jambo la pili, na huenda lina uzito uleule. Mpinzani amefundishwa kusoma mkono. Dhidi ya raba laini, mkono unaokata kwenda chini hutoa mzunguko wa nyuma, na mkono unaofyagia kwenda juu hutoa mzunguko wa mbele. Dhidi ya vipele virefu, mkono hausemi mengi, kwa sababu raba haiushiki mpira vya kutosha kuutii. Mtu anayepambana na Ni analazimika kukumbuka mzunguko alioutia mwenyewe katika pigo lililotangulia, huku tayari akijiandaa kwa linalofuata. Ni, kwa upande wake, husimama karibu na meza, husogea kidogo, na hutumia nguvu za mwenzake badala ya kuzizalisha.

Mechi ya Olimpiki ya Tokyo ya Julai 2021 inalionyesha jambo hili kwa karibu. Ni, akiwa na miaka 58, alikutana na Shin Yu-bin wa Korea Kusini, mwenye miaka 17. Seti ya kwanza Ni alishinda 11-2. Seti ya pili Shin aliichukua kwa taabu, 19-17, na mechi ikafika seti ya saba, ambayo binti alishinda 11-5. Nikiyatazama matokeo hayo naona msomaji anayejifunza lugha ngeni mbele ya macho yetu, ingawa ni haki kusema kwamba katika seti saba miguu pia huchoka. Baada ya mechi Ni alisema kwamba leo yeye ni kijana kuliko atakavyokuwa kesho. Novemba mwaka huohuo, mjini Houston, yeye na Sarah De Nutte, mwenzake wa Luxembourg, walipata medali ya shaba ya ubingwa wa dunia wa wawili wawili, miaka 38 baada ya dhahabu zake za 1983.

Isidhaniwe kwamba vipele peke yake hurefusha maisha ya mchezaji. Katikati ya miaka ya 1980 sheria ililazimisha pande mbili za raketi ziwe na rangi tofauti, ili mpinzani aone ni upande gani umeupiga mpira. Zeng Zhiying, mchezaji wa China wa enzi hiyo ambaye naye alitegemea raketi ya pande mbili tofauti, aliacha mchezo akiwa kijana kwa sababu ya badiliko hilo, akarejea na kuichezea Chile katika Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 58. Jörgen Persson wa Uswidi, mshambuliaji wa raba laini, alifika nusu fainali ya Olimpiki ya Beijing 2008 akiwa na miaka 42. Segun Toriola wa Nigeria alicheza Olimpiki saba, kuanzia 1992 hadi 2016. Mchezo wenyewe unawapa nafasi wanaojua kusoma, na vipele humpa msomaji wa aina ya Ni kitabu ambacho wengine hawajakizoea.

Waliokizoea wapo. Siku chache baada ya kumshinda Altınkaya, Ni alifungwa seti nne kwa sifuri na Sun Yingsha wa China, aliyekuwa namba moja duniani. Sun alizaliwa Novemba 2000, wiki chache baada ya Ni kucheza Olimpiki yake ya kwanza mjini Sydney.