Chupa sita kubwa kwa mkono mmoja: dhana potofu kuhusu kibebeo cha chuma

Kibebeo cha kwanza nilichojiundia kilikuwa cha nondo za milimita 12 zilizobaki kwenye ujenzi. Kila aliyekiona alikisifu: "Hiki hata lori likikikanyaga!" Hakuna lori lililokuwa na mpango huo. Kazi yake ilikuwa kutoa chupa sita kubwa za bia kaunta na kuzifikisha meza ya mwisho, kule chini ya mwembe, na safari ya tatu tu vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Chupa kubwa ninazosema ni zile za sentilita 72, ambazo wanywaji wa Bujumbura, Kigali na Bukavu wamezizoea kwenye Primus. Mengi ya hapa yanafaa hata kwa nusu lita za Dar es Salaam na Nairobi.

"Chuma kinene ndicho salama"

Hii ndiyo dhana mama, na mimi niliimeza nzima nzima. Tupige hesabu. Kupata uzito wa mita moja ya chuma cha mviringo, chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo. Cha milimita 6 ni gramu 222 kwa mita. Cha milimita 12 ni gramu 888. Kipenyo kimeongezeka mara mbili, uzito umeongezeka mara nne. Kibebeo cha chupa sita, safu mbili za tatu tatu, kinakula takribani mita nne na nusu ukijumlisha fremu ya chini, fremu ya juu, sakafu, vigawanyo na mpini. Kwa chuma cha 6, hiyo ni kilo moja. Kwa nondo zangu ilikuwa kilo nne, na bado hujaweka hata chupa moja.

Je, cha 6 kinatosha? Chuma laini cha kawaida, ukikivuta kwa urefu wake, huanza kurefuka bila kurudi kikifikia takribani niutoni 250, yaani uzito wa kilo 25 hivi, kwa kila milimita ya mraba. Fimbo ya milimita 6 ina milimita za mraba 28 hivi, kwa hiyo peke yake inahimili mvuto wa karibu kilo 700. Chupa kubwa iliyojaa inazidi kilo moja kidogo. Sita ni kama kilo saba. Fimbo haitakatika. Kinachoachia ni maungio, hasa pale mpini ulipogusishwa kwenye fremu ya juu kwa nukta moja ya weldi na fundi akaridhika. Shusha miguu ya mpini hadi fremu ya sakafu, iungwe chini na iungwe tena juu. Hapo uzito unabebwa kutoka chini ya chupa, na ungio moja likiachia, la pili linashika huku unapiga kelele.

Mahali pekee panapotaka unene ni kiganjani. Fimbo nyembamba inakata vidole hata kwa kilo nane tu. Pasua kipande cha mpira wa kumwagilia au bomba la plastiki la nyaya za umeme, kivishe kwenye mpini mpaka ufike milimita 25 au 30. Mpini upite katikati ya safu mbili, kwa urefu wa kibebeo, na uwe juu ya vizibo kiasi cha ngumi kuingia bila kusugua. Kizibo cha bia kina meno 21, na ukibana urefu utayahesabu yote kwa ngozi ya vidole.

"Chupa zikibanana hazivunjiki"

Zinavunjika, tena kwa sababu zimebanana. Kioo kinahimili sana kugandamizwa, lakini udhaifu wake ni mkwaruzo: ufa unaanzia hapo. Chukua chupa yoyote ya kurudishwa iliyozunguka miaka, uiangalie kwenye mwanga. Utaona pete mbili nyeupe zilizofifia, moja karibu na bega na nyingine karibu na kitako. Hayo ni makovu ya kusuguana na wenzake, kiwandani na kwenye makreti. Kibebeo kinachoruhusu chupa kugusana kinaendeleza kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo kila chupa iwe na chumba chake. Kigawanyo si lazima kiwe ukuta. Fimbo moja inayopita kwenye kimo cha tumbo la chupa inatosha, mradi chupa ikiinama isimfikie jirani. Acha nafasi ya milimita nne au tano kuzunguka chupa, kisha izibe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa ukanda na kuviringishwa kwenye fimbo. Wengi wanahofia chuma kitakwaruza kioo. Chuma laini ni laini kuliko kioo. Wakwaruzaji ni wawili wengine: chembe za mchanga zilizonasa kati yao, na matone ya weldi yaliyoganda kwenye fimbo kama upele. Matone yaondoe kwa tindo, umalizie kwa msasa. Mchanga ni wa kusuuza tu.

Na usipime chupa moja ukasema umemaliza. Nusu lita za kampuni mbili zinaweza kuwa na viuno tofauti. Zungusha uzi kwenye sehemu pana zaidi, pima uzi, gawa kwa 3.14, kisha fuata ile iliyonenepa kuliko zote.

"Tumia chupa yenyewe kama kipimo wakati wa kuchomelea"

Hapana, na hapa siongei kwa upole. Gesi iliyo ndani ya bia inasukuma zaidi kadiri joto linavyopanda. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, bia ya kawaida iliyofungwa ina shinikizo la karibu ba 2, yaani linakaribia la tairi la gari dogo. Weka cheche za moto ubavuni mwa kitu kama hicho, uso wako ukiwa nusu mita kutoka hapo, halafu uniambie umeokoa muda gani. Hata chupa tupu si salama: cheche ikitua kwenye kioo baridi inaacha kidonda kisichoonekana. Tumia kipande cha mti au cha bomba chenye kipenyo kile kile.

Jambo jingine linalowachanganya wanaoanza: umepima barabara, umechomelea, chupa inakataa kuingia. Hukukosea kupima. Weldi ikipoa inajikunja na kuvuta fimbo pamoja nayo. Shikiza kwanza pembe zote kwa nukta ndogo ndogo, pima ulalo wa pembe kwa pembe hadi pande zote zilingane, ndipo uchomelee, ukiruka kutoka pembe moja kwenda inayoikabili.

"Kunywa maziwa, moshi hautakudhuru"

Gerezani ya Dar es Salaam, Kamukunji ya Nairobi, kila penye mashine ya kuchomelea, utasikia habari ya maziwa. Inahusu zaidi mabati na mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma kinataka takribani 1,500 kuyeyuka. Kwa hiyo kabla chuma hakijaungana, zinki imeshageuka moshi mweupe unaouvuta. Saa chache baadaye inakuja homa, baridi, kichwa, mwili kuuma kama malaria, na kwa kawaida inaisha baada ya siku moja au mbili. Kwa kuwa inaisha yenyewe, maziwa yanapewa sifa yasiyoistahili. Moshi unaingia mapafuni. Maziwa yanakwenda tumboni. Dawa ni kusaga zinki sentimita kadhaa kutoka kwenye ungio, kufanyia kazi nje, na kukaa upande upepo unakotokea. Au nunua chuma kisicho na zinki kabisa, maana kibebeo hiki hakiihitaji.

Miwani ya jua nayo si miwani ya kuchomelea. Kwa fimbo za kuchomelea za kawaida unahitaji kioo cha giza namba 10 au 11. Macho hayalalamiki papo hapo. Yanasubiri usiku, ndipo unahisi kama umemwagiwa mchanga. Kiazi kilichokatwa kinaburudisha kidogo, hakitibu. Nenda kwa daktari.

"Bila mashine ya kuchomelea, sahau"

Waulize waliosoma bweni: lile sanduku la bati lililobeba madaftari, sabuni na unga wa kujificha nao lilichomelewa wapi? Mafundi bati wanakunja kingo, wanazifumbata moja ndani ya nyingine, wanagonga nyundo na kupiga ribiti, basi. Kibebeo cha bati la milimita moja kinaweza kuundwa hivyo hivyo, na kwa bati jembamba kiasi hicho ni afadhali, kwa sababu fimbo ya kuchomelea kwenye mkono mchanga hutoboa matundu tu. Kunja kingo zote za juu, la sivyo kibebeo kinageuka kisu.

"Chuma kitapoza bia", au kinyume chake, "chuma kitaiharibu"

Chuma kinahisi baridi kwa sababu kinanyonya joto la mkono wako haraka kuliko mbao. Kikikaa kivulini kina joto lile lile la hewa, na bia ndani yake haipoi hata kidogo. Ukitaka ubaridi, weka barafu.

Kuhusu kuharibu: ile harufu mbaya wanayodai inatokana na bia kutoka friji, kupata joto na kurudi friji, husababishwa hasa na mwanga. Mwanga wa jua huvunja viasili vichungu vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kuzaa harufu inayofanana na ya kicheche. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, isiyo na rangi haizuii. Kibebeo cha fimbo hakina ukuta, hakikingi chochote. Kama unabeba chupa za kijani mchana, tupia kitambaa juu.

Kutu

Rangi peke yake haitoshi kama maji yanatuama. Chupa za baridi zinatoa jasho, na jasho linashuka sakafuni, kwa hiyo sakafu iwe ya fimbo au bati lililotobolewa. Bomba la mraba lililo wazi mwisho mmoja ni kisima. Linaoza kutokea ndani huku nje linang'aa. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha ile unayoipenda.

Siku ya majaribio usitumie bia. Jaza maji chupa sita za zamani, inua kibebeo juu ya mchanga au majani, kitikise kwa nguvu kuliko mhudumu yeyote atakavyokitikisa, kiinamishe hadi chupa zianze kuegemea vigawanyo, kisha kiangushe kutoka kimo cha goti. Cha nondo kilipita mtihani huo bila wasiwasi. Siku hizi kinashikilia mlango wa banda usipigwe na upepo.