Sir Ralph Verney wa Claydon: baroneti aliyetunza kila barua

Mwezi Mei 1650, katika mji wa Blois nchini Ufaransa, Sir Ralph Verney alifiwa na mkewe Mary. Mary alikuwa na umri wa miaka 34. Ralph hakutaka alale ugenini. Mwili ulitiwa dawa usioze, ukasafirishwa hadi kijiji cha Middle Claydon, Buckinghamshire, ukazikwa katika kanisa la nyumbani. Yeye mwenyewe alibaki ng'ambo, kwa sababu Uingereza ya wakati ule haikuwa salama kwake.

Miaka 11 baadaye, tarehe 16 Machi 1661, Mfalme Charles wa Pili alimpa cheo cha baroneti. Ukimtafuta Ralph katika orodha za watu wenye vyeo, tarehe hiyo ya pili ndiyo utakayoikuta mbele. Nimekuwa nikisoma habari za koo za Kiingereza za karne ya 17 kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kila nikirudi kwa akina Verney naona ile ya kwanza ndiyo inayomweleza mtu huyu.

Nieleze kwanza cheo chenyewe, maana wengi hukichanganya na ulodi. Baroneti si lodi. Hana kiti katika Bunge la Malodi. Huitwa "Sir" kama mtu yeyote aliyepewa heshima hiyo na mfalme, ila "Sir" ya mtu wa kawaida humfia mwenyewe, ilhali ya baroneti humshukia mwanawe wa kiume, na mwana wa mwanawe, hadi ukoo ukatike. Cheo hiki kilianzishwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611, na sababu yake ilikuwa fedha. Mwombaji alitakiwa awe na ardhi ya kumwingizia pauni 1,000 kwa mwaka, kisha alipe pauni 1,095. Hesabu hiyo ilitokana na mshahara wa askari 30 wa kulinda jimbo la Ulster, Ayalandi, kwa miaka mitatu, kila mmoja peni 8 kwa siku. Peni 8 mara 30 ni peni 240, nazo zilikuwa pauni moja kamili. Pauni moja kwa siku, kwa siku 1,095. Ndiyo maana mabaroneti huweka kiganja chekundu, alama ya Ulster, kwenye ngao za koo zao.

Ralph alikuwa "Sir" tangu 1641. Cheo cha 1661 kilichomwongezea ni haki ya kukirithisha.

Tunayajua maisha yake kwa undani kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Alitunza barua alizopokea, na za kwake mwenyewe aliweka nakala au rasimu, kwa hiyo mara nyingi tunasikia swali na jibu lake. Katika jumba la Claydon zimebaki zaidi ya barua 30,000. Zilikaa huko vizazi kadhaa hadi karne ya 19, ambapo Parthenope Nightingale, dada yake Florence Nightingale yule muuguzi, aliolewa katika ukoo huo na kuanza kuzipanga na kuzichapisha. Mtu anayefanya kazi kama yangu hawezi kuomba zaidi.

Baba yake, Sir Edmund Verney, alikuwa mtu wa jumba la kifalme tangu ujanani. Mama yake alikuwa Margaret Denton, wa ukoo wa Hillesden, jirani kabisa na Claydon. Waliokua katika nyumba ile walikuwa kumi, wavulana wanne na wasichana sita. Ralph alizaliwa 1613 akiwa wa kwanza, na katika nchi ile jambo hilo lilikuwa na uzito ambao msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, au desturi ya ndugu kugawana mashamba, huenda asiufikirie. Ardhi yote ilikwenda kwa kaka mkubwa. Wadogo wa kiume walipewa posho ya kila mwaka na kutafutiwa kazi. Wasichana walitengewa fungu la fedha la kwenda nalo kwa mume, maana huko upande wa bibi harusi ndio uliotoa.

Ralph aliozwa Mei 1629, akiwa na miaka 15. Mary Blacknall alikuwa na miaka 13. Alikuwa yatima mwenye mali kutoka Abingdon. Wazazi wake waliuawa na tauni. Ndoa iliyopangwa na wazee kwa ajili ya ardhi, kati ya watoto wawili! Hata hivyo zisome barua zao za miaka 18 baadaye, wametenganishwa na bahari, uone jinsi mapenzi yalivyokuwa yameota mizizi.

Mwaka 1640 Ralph alikuwa mbunge wa Aylesbury. Alikaa katika lile Bunge lililogombana na Mfalme Charles wa Kwanza, akiandika kwa penseli, kwenye vikaratasi, yaliyosemwa humo. Mpaka leo wanahistoria tunaegemea vikaratasi hivyo. Vita vilipofika mwaka 1642 alishika upande wa Bunge. Baba yake naye aliona Bunge lina hoja katika mengi, lakini alimwambia rafiki yake kwamba amekula mkate wa mfalme na kumtumikia karibu miaka 30, na hawezi kufanya kitendo duni cha kumwacha sasa. Alikabidhiwa bendera ya mfalme. Ndugu wa tatu, Edmund, ambaye nyumbani waliita Mun, alikwenda na baba na kumwandikia Ralph barua ya uchungu: amemuumiza baba yao, na amemwinukia mfalme ambaye nafsi yake ni takatifu. Baadaye Mun alirudi kwa nduguye kwa upendo uleule wa zamani. Barua za upatanisho wao ni miongoni mwa ninazozipenda kuliko zote.

Jumapili ya tarehe 23 Oktoba 1642, kwenye mapigano ya Edgehill, Sir Edmund aliuawa na bendera ikatwaliwa. Mwili wake haukupatikana. Katika ukoo walisimuliana kwamba mkono wake ndio ulioonekana, umekatwa, bado umeshika mti wa bendera.

Kwa hiyo Ralph alirithi Claydon akiwa na miaka 28, pamoja na madeni makubwa ya baba na dada watano ambao hawajaolewa. Fungu la wasichana lilitegemea malipo ya kodi ya nguo ambayo Sir Edmund alikuwa amepewa na mfalme, na vita viliyakausha malipo hayo. Ni mume gani wa tabaka lao angemchukua binti asiye na kitu? Barua za dada hao, Susan, Penelope, Margaret, Mary na Elizabeth, zimejaa manung'uniko juu ya nguo, chakula na mtumishi wa kugawana. Kuna wanaowaona kuwa wasumbufu. Mimi naona wasichana waliotegemea kalamu ya kaka mmoja, naye yuko mbali.

Alikuwa mbali kwa hiari ya dhamiri yake. Mwaka 1643 Bunge lilifanya mapatano na Waskoti na kuwataka wabunge waape kiapo cha kubadilisha mfumo wa Kanisa. Ralph hakuweza kuapa. Hakukimbilia kwa mfalme pia. Alimchukua Mary na watoto wawili, Edmund na Peg, akaenda Ufaransa. Mdogo wao, Jack, alibaki Claydon. Mwaka 1645 Bunge lilimvua ubunge, na mashamba yakawekewa zuio kana kwamba alikuwa adui aliyebeba silaha. Mwanamume aliyekuwa upande wa Bunge, ambaye baba yake alifia upande wa mfalme, sasa hakuwa na upande hata mmoja.

Aliyeiokoa Claydon ni Mary. Angekuja Ralph, angeweza kukamatwa. Sheria iliruhusu mke wa aliyewekewa zuio kudai sehemu ya tano ya mali kwa ajili yake na watoto, na Dr William Denton, mjomba wa Ralph aliyekuwa tabibu London, alishauri kwamba wakati kama ule wanawake ndio wa kutumwa. Basi mwishoni mwa 1646 Mary akavuka bahari, akiwa mjamzito. Alipanga vyumba London kwa bei iliyomtia hofu, akawa anabisha milango ya wake za wakubwa, anasubiri kamati ambazo hazikutani, anaandika kwa mumewe kila juma. Juni 1647 alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Ralph. Alipofika Claydon aliikuta nyumba imechakazwa na askari, na Jack, mtoto aliyemwacha mdogo, ana miguu iliyopinda vibaya.

Vuli ya mwaka huo Peg aliugua Blois akafa, akiwa na miaka minane hivi. Karibu wakati uleule mtoto mchanga akafa Uingereza. Ralph hakupata ujasiri wa kumwandikia Mary moja kwa moja. Alimwandikia Dr Denton, amtafutie saa ya kumwambia. Mary alivunjika, kisha akarudi kwenye kazi iliyomleta. Januari 1648 zuio liliondolewa. Alirudi kwa mumewe mwaka huohuo, afya ikiwa imeharibika, na miaka miwili baadaye ndipo ile safari ya jeneza kutoka Blois.

Mun alikuwa ametangulia. Septemba 1649, Drogheda, Ayalandi, aliuawa na watu wa Cromwell, jemadari wa Bunge aliyekuja kuitawala nchi baadaye, baada ya mji kutekwa, wakati alikuwa ameshaahidiwa usalama.

Ukoo huu ulikuwa na wengine wa kila aina. Tom, mdogo wake Ralph, alipelekwa Virginia mwaka 1634, akarudi. Akapelekwa Barbados, akawa anamwomba baba amtumie watumishi na vifaa vya shamba. Akarudi tena, akafungwa kwa madeni, akaendelea kuandika barua za kuomba fedha hadi uzeeni, na alifariki baada ya kaka yake. Kabla yao kulikuwa na Sir Francis, kaka wa Sir Edmund kwa mama mwingine. Yeye alipoteza kesi ya mali, akauza alivyobaki navyo, akaenda pwani ya Afrika Kaskazini, akawa haramia wa baharini na kusilimu. Alifia hospitalini Messina mwaka 1615. Kilemba chake na viatu vyake vilirudishwa Claydon, vikahifadhiwa.

Ralph alirudi mwaka 1653, na 1655 serikali ya Cromwell ikamkamata kwa kushukiwa tu. Ubaroneti wa 1661 ulikuja baada ya yote haya. Dada zake wengi walikuwa wameshapata waume, ingawa si wote waliobahatika. Yeye hakuoa tena. Alikuwa na mapungufu ya watu wa zama zake, na sitayafunika: alipomsikia Dr Denton anamfundisha binti yake Kilatini, aliandika kwamba msichana atosheke na Biblia na katekisimu katika lugha ya mama yake. Huyu ni mtu aliyerudishiwa mashamba yake kwa akili na kalamu ya mwanamke.

Mwanawe mkubwa Edmund alimwoa mrithi wa mashamba jirani, Mary Abell, ambaye akili zake ziliugua mapema katika ndoa. Edmund alifariki 1688, na wanawe wa kiume nao walikufa kabla ya babu yao. Jack, yule wa miguu iliyopinda, aliomba mwenyewe asomeshwe biashara badala ya sheria. Alikwenda Aleppo, Shamu, mwaka 1662 na kurudi 1674 akiwa na fedha yake. Ralph alipofariki Septemba 1696, akiwa na miaka 82, Jack ndiye aliyekuwa Sir John, baroneti wa pili, na mwaka 1703 akapanda hadi ulodi wa Ayalandi.

Ukiingia kanisa la Middle Claydon utaona mnara wa ukumbusho wa marumaru ambao Ralph aliujenga aliporudi kutoka uhamishoni. Una vichwa vinne vilivyochongwa: baba ambaye mwili wake haukupatikana, mama, Mary, na Ralph mwenyewe. Alijichonga pale kando ya mkewe akiwa na miaka 40 hivi, kisha akaishi miaka mingine zaidi ya 40 mita chache kutoka kanisani hapo, akiandika barua na kuweka nakala.