Niacheni na Hizo Bar 20

Nimetumiwa tena picha ya maboksi mawili ya mashine za kahawa. Safari hii ni dada mmoja wa Raskazone, hapa Tanga: "Shikamoo fundi. Hii ina bar 15, hii bar 20, bei zimepishana kidogo tu. Si bora nichukue ya 20?" Marahaba, dada. Jibu naliandika hapa, ili akija mwingine nimtumie ukurasa huu nami niendelee na bisibisi yangu.

Ile namba ya bar, yaani kipimo cha presha ya pampu, haikuambii lolote kuhusu kahawa itakayotoka. Karibu mashine zote hizi za nyumbani, zinazosaga punje na kujaza kikombe zenyewe, zina pampu ya mtetemo: koili, pistoni ndogo na springi, inapiga mara 50 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Pampu ya namna hii kadiri inavyozuiwa mbele ndivyo inavyotoa maji machache. Kilichoandikwa kwenye boksi ni kikomo chake, pale ambapo maji yamekwama au yanakaribia kukwama. Mliowahi kupandisha maji kwenye tangi la juu ya nyumba mnalijua hili: pampu iliyoandikwa mita 60 haimwagi maji ukiifikisha mita 60. Pale imefika mwisho wa pumzi. Bar 20 ni habari ya hapo, na hapo hakuna kahawa inayochujwa.

Espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inataka kama bar 9 kwenye unga. Pampu ya 15 inazifikia na inabakiwa na akiba, ya 20 nayo inazifikia. Kinachoamua presha hasa ni unga wenyewe: umesagwa laini kiasi gani, ni gramu ngapi, umebanwaje. Ukisaga chengachenga, hata pampu iwe ya bar 100 maji yatapita tu na presha haitajengeka. Na laiti zile 20 zingefika kweli kwenye unga, usingezifurahia. Unga unagandamizwa kupita kiasi, maji yanatafuta ufa mmoja na kupita humo humo, unapata kikombe chenye uchungu na ukali kwa pamoja.

"Lakini fundi, ya jirani yangu ina bar 20 na povu lake nene." Povu nene linatokana na kahawa iliyokaangwa karibuni, bado ina gesi yake, au yenye punje za aina ya robusta ndani. Changanya robusta kidogo ya Kagera kwenye arabika ya Mbinga, povu litapanda kwenye mashine yoyote nzima. Mashine nyingine zina hata vali ndogo ya kutengeneza povu kwenye tundu la kutokea. Povu si kipimo cha pampu, jamani.

Hiyo 9 yenyewe nayo si msahafu. Mtaliano Achille Gaggia mwaka 1948 alikuwa na mashine za wenzo na springi, ambazo presha yake inashuka kadiri kikombe kinavyojaa. Mwaka 1961 kampuni ya Faema wakatoa mashine ya E61 yenye pampu ya umeme, na tangu hapo 9 imekaa vichwani mwetu. Kuna watu makini wanaochuja kwa 6 na wanafurahi. Mimi nikiwa na arabika iliyokaangwa wastani napenda iwe chini ya 9, na ukinitaka nikueleze sababu kwa fizikia nitababaika.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunabishania bar wakati umeme wenyewe jioni umelala. Nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti: kutoka 230 hadi 180, hita inabaki na kama asilimia 61 tu. Mashine itawaka, taa zote kijani, ila vikombe viwili mfululizo, cha pili kinatoka vuguvugu na kichachu. Pampu nayo inalegea. Nunua stabilaiza inayobeba wati za mashine na kubakisha nafasi (nyingi ni kati ya 1,300 na 1,500, soma kibandiko cha chini). Friji gadi inakulinda umeme unaporudi kwa kishindo, lakini haipandishi volti. Na aliye na shemeji Marekani amwambie asitume: ile ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma itabadili volti, hezi haitazigusa.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, maana mashine nyingi zinazoletwa kwangu zimeuawa na maji. Mapango ya Amboni yalichimbwa na maji yaliyoyeyusha mawe ya chokaa. Hiyo chokaa haikupotea, imo kwenye maji yanayopita ardhini kwetu, na ukichota kisimani unaipeleka kwenye hita. Visima vya karibu na bahari vinaongeza chumvi juu yake. Maji ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ni jambo tofauti na kisima, kwa hiyo usiige mipangilio ya mtu anayeishi mtaa mwingine. Kwenye boksi kuna kikaratasi cha kupima ugumu wa maji. Kichovye, soma rangi, kisha uiambie mashine. Wengi hawajui kwamba mashine haiyaonji maji. Inahesabu tu maji yaliyopita na kuwasha taa ya kuondoa chokaa kulingana na ugumu ulioiambia. Ukiiacha kama ilivyotoka kiwandani huku unajaza maji magumu kuliko inavyodhani, taa itachelewa kuwaka na hita itakuwa imeshavaa ukoko.

"Nayachemsha kwanza." Vizuri, sehemu ya chokaa hubaki kwenye sufuria. Chumvi haiondoki. Kichujio kinachokaa ndani ya tangi la mashine nacho kinapunguza chokaa, hakigusi chumvi ya kawaida, na chumvi hula chuma. Kama chai yako ina ladha ya chumvi, tumia maji mengine, basi. Ndimu na siki wekeni jikoni: ndimu ina nyama zinazoziba vali, siki inaacha harufu. Dawa ya kuondoa chokaa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni bei ndogo kuliko hita.

Kisagio nakipitia haraka. Chuma au seramiki? Seramiki haipati kutu na inavunjika ikikutana na kijiwe. Kwenye kikombe sijawahi kutofautisha, na anayesema anatofautisha ningependa nimfunge kitambaa machoni.

Gurupu, ile sehemu inayobana unga na kupitishwa maji, ndiyo ingekuwa swali la kwanza dukani kama ningepewa nafasi moja tu. Je, inatoka kwa mkono? Kampuni za De'Longhi na Philips wanakuachia uitoe na kuisuuza bombani. Jura wameifungia ndani na wanategemea vidonge vya kusafishia. Ni mfumo unaofanya kazi kwa mtu mwenye nidhamu na vidonge. Kwa joto na unyevu wa Tanga, unga uliolowa ukikaa siku mbili tatu unaota ukungu, nami nataka kuuona kwa macho na kuusugua. Kuna wateja wangu wenye gurupu isiyotoka na hawana shida yoyote, kwa hiyo huenda ni woga wangu wa kifundi. Ila ushauri wangu unabaki palepale.

Maziwa: kama huna hulka ya kuosha mpira wa maziwa mara tu ukimaliza kunywa, chukua yenye bomba la mvuke tu.

Halafu punje. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kung'aa mafuta, ile ya kupikia kahawa chungu, usiimimine kwenye hizi mashine. Mafuta yanashika kuta, punje hazishuki, unga unaganda kwenye njia yake. Usijaze kilo nzima pia. Weka ya siku chache, nyingine ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Na nawaombeni: iliki, mdalasini na tangawizi visiingie kwenye kisagio, wala kwenye kile kimlango cha kahawa iliyosagwa. Nimeshatoa tangawizi kwenye gurupu kwa kijiti cha meno. Ukitamani kahawa ya barazani na kashata yake, birika na mkaa vipo, na hakuna mashine ya bar zozote itakayokutolea ile.

Kwa hiyo, dada yangu wa Raskazone: kati ya hizo mbili, chukua ambayo gurupu yake inatoka. Kama zote zinatoka, chukua ambayo muuzaji anaweza kukuletea oringi (pete za mpira) za gurupu na kichujio cha tangi, akutajie bei leo, siyo "tutaagiza". Na ununue hapohapo tyubu ya grisi ya silikoni ya vyakula, ya kulainisha gurupu. Usikubali ile ya magari.