Mtumbwi Uliozama Ndani ya Kompyuta

Natengeneza vitu vya ndani ya gemu: mapipa, ngazi, mashua. Ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Mwanga, Kigoma, na kazi napewa kwa mkataba na studio za nje. Kazi moja ilikuwa mtumbwi wa dagaa wenye taa nne, na kila taa niliipa kutu yake. Nilienda Kibirizi kupiga picha mtumbwi wa kweli, mpaka mwenyewe akaniuliza kama nimetumwa na watu wa leseni. Wiki ya kukabidhi kazi ikaja barua pepe ya mistari mitatu: mradi umefutwa, timu imepunguzwa.

Kila ninayemsimulia huuliza, "Kwani gemu lilikuwa bovu?" Mara nyingi wala. Mwenye fedha hahesabu alichokwisha kutumia, anahesabu kilichobaki: mishahara ya miaka miwili mbele, matangazo, seva. Na kwa kuwa mishahara ndiyo inayokula sehemu kubwa ya bajeti, akitaka kubana matumizi haraka anakata watu.

Wakati wa korona watu walijifungia ndani wakicheza, mikopo ikawa rahisi, studio zikaajiri kana kwamba hali ile haitakwisha. Kisha riba zikapanda. Januari 2024 Microsoft ilipunguza watu 1,900 kwenye kitengo chake cha gemu, miezi mitatu tu baada ya kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa takribani dola bilioni 69. Julai 2025 ikafuta miradi ya gemu ya Perfect Dark na Everwild. Hata gemu kufika sokoni si salama: Concord ya Sony ilitoka Agosti 23, 2024, ikazimwa Septemba 6, wanunuzi wakarudishiwa fedha zao.

Mwajiriwa wa Tanzania akipunguzwa, sheria inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza kazini, hadi miaka kumi. Mimi wa mkataba wa kazi kwa kazi simo humo. Kinachoniuma zaidi ni kifungu cha usiri: ule mtumbwi siruhusiwi kuuonyesha hata kwa mteja mpya. Siku hizi sisaini mpaka waandike malipo ya kila hatua, na ruhusa ya kuonyesha kazi yangu mradi ukifa.

Mzee wa Kibirizi bado huniuliza lini mtumbwi wake utaonekana. Juzi nikamjibu umezama. Hakucheka, kule ziwani neno hilo halitaniwi.